Gari Kuukuu la Kustaafia

Akina mama wenzetu, mnaifahamu siku ile ambayo mume anarudi kutoka kwenye semina ya wanaokaribia kustaafu akiwa na karatasi mkononi na jambo moyoni. Anakula kimya. Anaomba chai ya pili. Kisha anasema, "Mama watoto, nimefikiri tununue gari."

Kwetu hapa Ifakara siku hiyo ilikuwa mwaka 2022, mwaka mmoja kabla baba watoto hajatimiza miaka 60 na kuiaga chaki. Sisi ni wawili, mwalimu na muuguzi, na yeye ametangulia kuzaliwa, kwa hiyo yeye alikuwa anatoka kazini wakati mama wa nyumba hii bado ana miaka zaidi ya kumi ya zamu za usiku. Watoto wanne: mmoja Njombe, mmoja Dodoma, mmoja Songea, na kitinda mimba bado yuko sekondari. Nyumba ilikuwa haijapigwa dari. Kusikia neno gari, moyo ulishtuka. Sote tunawajua wastaafu walionunua gari, likaingizwa barabarani kubeba abiria, na baada ya miaka miwili likawa limesimama nyuma ya nyumba juu ya matofali, kuku wakitagia ndani.

Lakini yeye hakutaka gari la biashara. Alitaka Hiace kuukuu iliyowekwa kitanda nyuma, ili tuweze kwenda kuwaona watoto na wajukuu bila kuwa mzigo kwao. Tulicheka. Kisha tukaacha kucheka, kwa sababu alikuwa amegusa jambo la kweli. Kijana wetu wa Njombe amepanga chumba kimoja na sebule. Tulipomtembelea zamani, yeye na mkewe walilala sebuleni, nasi wakwe tukalala kwenye kitanda chao, na asubuhi mkwe wetu alikuwa anazunguka nje na baridi ile akisubiri tuamke ndipo aingie kuchukua nguo zake. Mila zetu mnazijua. Mkwe na mkwe hawabanani namna hiyo. Na nyumba ya wageni ya siku kumi, watu wawili, si fedha ndogo kwa mstaafu. Gari lenye kitanda ni chumba ambacho mzazi anakuja nacho mwenyewe na kukiegesha uani kwa mwanawe.

Wenzetu wa Ulaya na Marekani wana desturi hii tangu zamani. Wajerumani walianza kuzigeuza Kombi za Volkswagen kuwa vyumba vya kulala miaka ya 1950, na wastaafu wao wengi huzunguka nchi nzima hivyo. Wao huenda kutazama mandhari. Sisi tulitaka kwenda kwa watoto, na mandhari tuyaone njiani.

Fedha kwanza, gari baadaye

Aliyestaafu mwaka 2023, kama mwenzetu, alilipwa mkupuo kwa kikokotoo cha asilimia 33, na iliyobaki inakuja kidogo kidogo kila mwezi kama pensheni. Hatutaingia kwenye ubishi wa kikokotoo, umesemwa vya kutosha. Tunachotaka kusema ni kwamba tuligawa fedha ile kwenye daftari kabla haijaingia benki: dari, ada ya kitinda mimba hadi amalize, pembejeo za shamba letu la mpunga, na akiba isiyoguswa. Gari lilipewa kilichobaki, shilingi milioni 12, na humo humo tuliandika milioni 9 za kununulia na milioni 3 za matengenezo ya mwaka wa kwanza. Fundi mmoja mzee, rafiki wa familia, ndiye aliyetufundisha hivyo. Alisema mtu anayemaliza fedha zote kwenye kununua gari kuukuu amenunua nusu ya gari.

Tulifikiria pia kuagiza Japani. Lakini gari lililozidi miaka minane huongezewa ushuru wa uchakavu, juu ya ushuru wa forodha na kodi ya ongezeko la thamani. Mamlaka ya Mapato wana kikokotoo cha kodi za magari kwenye tovuti yao, na kijana wetu wa Dodoma alipotufanyia hesabu tulikuta kodi inatuzidi uwezo. Tukaamua kutafuta gari lililokwisha kuingia nchini, lenye namba za zamani kidogo. Tulipata la namba B.

Kwa nini Hiace? Kwa sababu hakuna fundi kuanzia Kidatu hadi Mlimba asiyeijua. Ile ya umbo la zamani, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1989, imebeba abiria wa nchi hii miaka mingi mno, na vipuri vyake vipo hata kwenye miji midogo. Tulichagua yenye injini ya dizeli inayoitwa 3L, ambayo haina tabo wala kompyuta ya kuongoza pampu. Haina mbio. Mlimani malori yanaweza kukupigia honi. Lakini mstaafu anakimbilia wapi?

Siku ya kukagua gari

Hapa tunaomba tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo fedha inapookolewa au kupotea. Nenda na fundi wako, si fundi wa muuzaji. Mwambie muuzaji asiliwashe gari kabla hamjafika. Katika Hiace za umbo lile injini iko chini ya viti vya mbele, kwa hiyo inua kiti na uguse. Ikiwa ya moto, mtu ameshaliwasha ili kuficha tabu ya kuwaka asubuhi.

Chomoa kijiti cha oili. Oili nyeusi kwenye gari la dizeli ni kawaida, lakini oili yenye rangi ya chai ya maziwa maana yake maji yameingia ndani, nawe muage muuzaji kwa upole. Gari likiwaka, angalia moshi. Mweusi unaopungua, sawa. Wa bluu ni injini inayokula oili. Mweupe mzito usiokoma hata injini ikipata moto ni dalili mbaya. Sisi wauguzi tumezoea kumtazama mgonjwa makohozi na mkojo kabla ya kumsikiliza maneno yake, na hata gari ni vivyo hivyo.

Jambo la pili ni maji ya mafuriko. Bonde letu la Kilombero ni bonde la maji, na Mto Lumemo ukifurika, mitaa ya Ifakara inageuka ziwa. Magari huzama pia, kisha huoshwa, hupigwa rangi na kuuzwa. Funua zulia lote. Ingiza mkono chini ya viti uguse springi zake. Vuta mkanda wa kiti hadi mwisho wake uone kama una mstari wa matope. Tazama ndani ya kioo cha taa za mbele. Harufu ya uvundo iliyofunikwa na manukato ni ya kutilia shaka. Gari la kwanza tulilotazama lilikuwa zuri kama bibi harusi, na tope lilikuwa limekauka ndani ya taa ya kushoto. Muuzaji alisema ni vumbi. Tulimshukuru, tukaondoka.

Tairi nazo zina umri. Ubavuni kuna tarakimu nne ndani ya duara refu; mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 1214 maana yake wiki ya 12 ya mwaka 2014. Tairi yaweza kuwa na meno mazuri kabisa nayo imezeeka, ikapasuka kwenye joto la mchana. Za gari letu zote nne zilikuwa za 2011.

Mwisho ni karatasi. Linganisha namba ya chesesi kwenye bodi na ile iliyo kwenye kadi ya gari, kwa macho yako, tarakimu kwa tarakimu. Angalia kama gari linadaiwa faini za trafiki, maana ukishalinunua deni nalo linakuwa lako kulipigia kelele. Na ubadilishe umiliki mara moja. Tunawajua watu waliokaa miaka minne na kadi yenye jina la marehemu. Siku ya ajali, bima na urithi vyote vinakuwa kesi.

Kitanda cha fundi seremala

Kwa kitanda tulimtafuta seremala wa hapa Ifakara. Mji huu haukosi mbao, na yeye kwa moyo mzuri alitaka kutuwekea mninga. Tukamkatalia. Kila kilo unayoongeza inabebwa na springi, breki na injini. Akatumia mbao nyepesi na plaiwudi, na kitanda kinakunjwa katikati mchana ili kiwe benchi. Chini yake zinakaa dumu mbili za maji, sanduku la vyombo, spea na jeki. Viti viwili vya abiria tuliviacha. Kabla ya kung'oa vingine tulikwenda kwanza kumuuliza mkaguzi wa magari wa polisi, ili tusije tukabishana na trafiki njiani. Mapazia ni ya kitenge. Dirisha mbili zimewekewa wavu wa mbu, na juu ya kitanda tumetundika chandarua chenye dawa.

Chandarua hatuna mzaha nacho. Watu wa Kilombero na Ulanga tulikuwa miongoni mwa wa kwanza nchini kufundishwa vyandarua vyenye dawa, mradi wa KINET ulipoanza mwaka 1997, na mama wa nyumba hii anakumbuka wodi ya watoto ilivyokuwa kabla ya hapo. Mtu akituambia kwamba ndani ya gari hakuna mbu, tunamwomba alale humo usiku mmoja karibu na mashamba ya mpunga.

Kwa hesabu, matengenezo ya awali yalikuwa hivi: tairi nne 920,000, taimingi belti pamoja na pampu ya maji 480,000, shokapu na bushi 560,000, kitanda na mapazia 350,000, uhamisho wa kadi na bima ndogo 290,000. Jumla 2,600,000. Taimingi belti hatukuiuliza umri. Belti ya injini hizi hubadilishwa kila kilomita 100,000, na ikikatika njiani vali zinagongana na pistoni, kwa hiyo anayenunua gari kuukuu bila kumbukumbu za matengenezo aibadilishe siku ileile.

Fundi alitaka jambo moja zaidi. Alisema rejeta ishushwe, ifunguliwe na kuzibuliwa, shilingi 120,000, kwa kuwa gari lilikuwa limenyweshwa maji ya kisima miaka yote na ndani pameota magamba. Baba watoto akakubali. Aliyekataa ni mama wa nyumba hii, mshika daftari. Zilikuwa zimebaki 400,000 tu, na mwaka ulikuwa mchanga. "Rejeta itasubiri," tuliandika, na maneno hayo bado yapo kwenye daftari kwa wino wa bluu.

Kitonga

Likizo ilipofika tuliondoka Ifakara alfajiri kwenda Njombe. Siku hizi safari ya kutoka huku si ile ya zamani. Lami ya kilomita 66.9 kutoka Kidatu hadi Ifakara ilizinduliwa mwaka 2024, na mtu aliyepita Kiberege na Mang'ula enzi za mashimo na vumbi anaweza kudhani amepotea njia. Tulinunua ndizi Mang'ula, chini ya milima ya Udzungwa, tukapita miwa ya Kidatu, tukatokea Mikumi na kushika barabara kuu ya Iringa. Tulifurahi kama watoto. Baba watoto alikuwa anaimba.

Mlima Kitonga tuliufikia saa saba mchana. Huo ndio wakati mbaya kuliko wote, jua kali na malori yamefuatana. Tulipanda gia ya kwanza na ya pili nyuma ya lori la mizigo. Katikati ya mlima joto likaanza kupanda kutoka chini ya kiti, kisha harufu tamu, kisha mshale wa joto ukawa umelala kwenye nyekundu. Kumbe ulikuwa umeanza kupanda zamani. Dereva alikuwa anatazama lori na abiria alikuwa anatazama mabonde.

Tuliegesha palipopanuka. Kijana mmoja wa lori akaja mbio na kitambaa ili afungue mfuniko wa rejeta, nasi tukampigia kelele aache. Tumewauguza watu walioungua uso na kifua kwa mvuke wa rejeta, na hatukutaka kumuuguza yeye pale ukingoni mwa korongo. Gari likichemsha, zima injini, kaa mbali, subiri nusu saa au zaidi. Ukitaka kufungua, hakikisha kwanza mfuniko unashikika kwa mkono mtupu. Na maji baridi yasimwagwe kwenye injini ya moto, maana silinda hedi hupasuka.

Tulisubiri hadi saa tisa, tukajaza maji, tukasogea, likachemsha tena, tukasubiri tena. Ilula tuliingia giza likiwa limeshatanda. Mzee mmoja wa kanisa akaturuhusu kuegesha uwanjani. Hapo, mpenzi msomaji, ndipo tulipolala ndani ya gari letu kwa mara ya kwanza, tukiwa hatusemezani. Saa sita usiku baba watoto akasema, "Kitanda ni kizuri lakini." Tukacheka mpaka tukaona aibu kwamba walinzi wanatusikia.

Asubuhi lori lilituvuta hadi Iringa mjini. Gasketi ya silinda hedi ilikuwa imeungua na hedi imepinda kidogo. Kuichonga, gasketi mpya, rejeta kuzibuliwa, oili, kulanti na kuvutwa: 780,000. Tulikuwa na 400,000. Zile 380,000 zilizopungua zilitoka kwenye mpunga tuliokuwa tumeuweka hadi bei ipande. Jumla ya mwaka ikawa 3,380,000, kwa sababu ya 120,000.

Fundi wa Iringa alitaka pia kuitoa themostati na kuitupa, akisema magari ya nchi za joto hayaihitaji. Mafundi wengi wanasema hivyo. Usikubali. Bila themostati injini haifiki kwenye joto lake la kazi, hula mafuta zaidi na kuchakaa mapema, nayo haiponyi rejeta iliyoziba. Ikiharibika, nunua nyingine.

Tangu hapo tumegawana kazi. Yeye anatazama barabara. Mama anatazama mshale wa joto na taa ya oili, na akisema "simama" gari linasimama bila mjadala. Kupanda Kitonga ni alfajiri tu. Kushuka tunatumia gia ileile tuliyopandia, maana anayeshuka mlima ule kwa kukanyaga breki muda wote atafika chini breki zikinuka, au hatafika.

Matunzo ya kila siku

Oili na filta tunabadilisha kila kilomita 5,000 au kila miezi sita, hata kama gari limekaa tu. Gari la mstaafu linaugua zaidi kwa kukaa kuliko kwa kutembea; tunaliwasha na kulizungusha mjini kila wiki. Maji yaliyojichuja chini ya filta ya dizeli tunayafungulia mara kwa mara, hasa tukishuku kwamba mafuta yamechakachuliwa. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na hewa ya bonde letu ni unyevu mtupu, kwa hiyo kila miaka miwili yanamwagwa. Chini ya bodi tunalioshea matope baada ya masika na kupaka oili chafu kuzuia kutu. Yote yanaandikwa kwenye daftari lilelile: tarehe, kilomita, kilichofanyika, bei. Fundi akijua kwamba mama ana daftari, lugha yake hubadilika.

Tena, jueni mahali ambapo gari halifai. Daraja la Magufuli lenye mita 384, lililofunguliwa mwaka 2018, limetuondolea pantoni na hofu yake. Watu wa huku hatujasahau Januari 2016, kivuko kilipozama mtoni. Lakini tope la masika kuelekea Mngeta na Mlimba si la Hiace inayosukumwa na magurudumu ya nyuma. Mwezi wa nne tukiwa na msiba Mlimba, gari tunaliacha nyumbani na kupanda treni ya TAZARA.

Ya afya, kwa wanaolala garini

Njombe kuna baridi, na watu wa huko hupasha moto nyumba kwa jiko la mkaa. Tafadhalini sana, jiko la mkaa lisiingie ndani ya gari. Hata likiwa limebaki majivu mekundu tu. Hewa yake haina rangi wala harufu, huingia kwenye damu na kukaa mahali pa oksijeni, na mtu hulala akifikiri amechoka. Injini pia isiachwe ikiunguruma wakati mmelala. Katika Hiace hizi, ekzosi ikitoboka au mpira wa kifuniko cha injini chini ya viti ukichakaa, moshi unaingia hata mkiwa safarini. Wote wawili mkiumwa kichwa na kichefuchefu ndani ya gari, na nje mnapata nafuu, nendeni kwa fundi wa ekzosi kabla ya kwenda kununua panadoli. Sisi hujifunika mablanketi matatu na kuacha dirisha mbili wazi kidogo. Chakula tunapikia nje, na mtungi mdogo wa gesi unafungwa kabisa kabla ya kulala.

Wenye shinikizo la damu wana tabia ya kuacha vidonge vya kukojosha siku ya safari ili wasisumbue. Mwenzetu alifanya hivyo kwenda Dodoma, na tulipompima jioni tuliogopa. Ukiwa na gari lako unaweza kusimama kila saa moja na nusu. Simameni, mjisaidie, mtembee kidogo ili damu isigande miguuni. Wenye kisukari wanaotumia insulini wasiiache garini juani, wala kwenye dashibodi. Tumemwona jirani akisafiri na yake ndani ya chungu kidogo chenye mchanga uliolowanishwa, na ilifika salama.

Na macho. Mtu wa miaka 62 anaweza kuona vizuri mchana na usiku akapofushwa na taa za basi linalokuja. Hilo mwanaume hapendi kuambiwa. Tulimpeleka kupimwa, mtoto wa jicho ulikuwa umeanza, na tukakubaliana kwamba jua likizama gari linasimama popote lilipo. Mama naye akaenda chuo cha udereva. Alianguka mara ya kwanza kwenye kurudi nyuma, akafaulu mara ya pili.

Gari la wote

Hili hatukulitarajia. Mtu mwenye Hiace Ifakara ana jamaa wengi. Wiki ya pili tu tulikuwa tumeombwa kubeba kwaya, maharusi, magunia ya mpunga na jeneza. Kukataa msiba kwetu ni vigumu. Tulimwazima ndugu mmoja kwa mazishi ng'ambo ya mto. Gari lilirudi klachi ikinuka, tangi tupu, na kitanda kimevunjwa mguu ili watu waenee. Baba watoto hakusema neno, ila alikwenda kukaa uani hadi usiku.

Tuliitisha kikao cha nyumbani. Mgonjwa na mama mwenye uchungu, saa yoyote, tunaenda wenyewe. Msiba, tunaendesha wenyewe na wenye msiba wanaweka mafuta. Sherehe na mizigo, hapana. Nauli hatupokei kabisa. Kubeba abiria kwa malipo kunahitaji leseni ya LATRA, na bima ya gari binafsi haitakusaidia ukipata ajali na abiria wa nauli. Ndugu yule alinuna miezi mitatu. Mama mmoja wa kikundi chetu cha kanisa alisema tunajiona. Lakini usiku wa mwezi wa pili tulimkimbiza binti yake hospitali akiwa amelala kwenye kitanda hicho hicho cha plaiwudi, akajifungua salama nusu saa baada ya kufika.

Sasa kilomita zimefika elfu kumi na moja tangu tulinunue. Njombe mara mbili, Dodoma mara mbili, Songea mara moja. Mjukuu wa Njombe, ana miaka mitano, anakataa kulala ndani tukiwepo. Anakuja na mto wake na kugonga bati. Desemba tumepanga Songea tena, zamu hii mama akishika usukani kutoka Makambako. Beringi ya gurudumu la nyuma kushoto imeanza kulia, na fundi amesema tulilete Jumanne.